Mufuniko ya Mama Mukwe Juu ya Gari ya Turbo

Huku Lushebere, ukisikia watu wanasema "Direkteri" na hawaongeze jina, ujue haiko direkteri ya ofisi. Ni yeye tu. Alikwisha kuacha kazi ya masomo zamani, lakini kazi ya masomo haikumuacha yeye. Kwangu ni kinyume: mimi niliacha masomo katikati, na masomo ikashukuru Mungu.

Kitu ya kwanza ya kujua juu yake: alichukia kelele vile paka inachukiaka mayi. Wakati alikuwa anaongoza masomo ya primeri, shule ya watoto wadogo, tulikuwa tunapiga makofi na kidole moja moja. Mutoto akianguka kwenye kiwanja, alikuwa analia kwanza ndani ya shati, kisha njo anakuja kuonyesha damu. Siku moja mvua ya mawe ilianguka juu ya mabati, mupaka hatukusikia tena hesabu (mimi nilifurahi). Direkteri akatoka inje, akaangalia juu, akaweka kidole kwa mudomo: "Shhh!" Kama vile Mungu iko mwanafunzi ya benchi ya nyuma. Na mvua ikanyamaza! Alirudi ndani, akakamata chokaa, akaendelea na hesabu. Hakuna mutu alipumua kwa nguvu mupaka mwisho wa mwaka.

Sasa mutu kama huyo, mutu ya kimya hivyo, Mungu akamupatia gari yenye kugonga.

Gari yenyewe ni kadogo, ya bulu, inakunywa esanse, ni kusema petroli, na iko na turbo. Ilitoka Japani ikapitia mikono mingi, na kila mukono uliacha alama. Juu ya kapo, ile bati ya mbele yenye kufunika moteri, kuko tundu moja, pana, kama pua ya ng'ombe yenye kunusa mvua. Watu walicheka. Huku kwetu njia ni matope na mawe, watu wanapandaka na magari kubwa za mazutu, za dizeli, ao na pikipiki. Yeye akaleta gari ya kwenda ku harusi. Nilimuuliza kama nayo tunaweza fika mupaka Pinga, kule mbali. Akaniambia: "Pinga inaendewaka na pikipiki na sala. Mimi nataka kufika juu tu."

Hiyo "juu" njo kisa yote. Mama mukwe wake iko mutu wa kule juu, kwa malisho ya ng'ombe. Vita ilimushusha. Njiani akaanguka, mufupa ya kiuno ikavunjika, ikaungana vibaya. Kukaa kwa kiti anaweza. Kupanda pikipiki, apana. Kupanua miguu tu ni kilio. Akakaa huku ndani ya kampi ya wakimbizi, chini ya shitingi, hema ya plastiki, anaangalia mulima yake kila asubuhi kama mutu anaangalia sufuria ya jirani. Kisha kule juu kukatulia kidogo. Majirani wake wakaanza kurudi, mumoja mumoja. Na yeye akasema neno moja: "Mimi, watu hawatanitoa chini ya shitingi kwenda kunizika."

Direkteri akajibu: "Muambie mama, nitamufikisha kwake amekaa kama mutu, haiko kama mufuko ya makala."

Unauliza alikuwa anamuambia nani? Alikuwa anamuambia mimi. Na mama alikuwa amekaa pale pale, ningelinyoosha mukono ningelimugusa.

Njo hapa unapashwa kuelewa mambo yetu. Mukwe na mama mukwe hawaongeake hivi hivi, macho kwa macho, kama watu wanauziana sabuni. Kuko heshima. Maneno inapitia kwa mutu mwingine. Zamani ilikuwa inapitia kwa bibi ya Direkteri, binti wa ule mama. Akakufa, Mungu amupumuzishe, na maneno ikabakia bila njia. Wakatafuta mutu ya mudomo mingi na kazi kidogo. Wakaniona mimi, kwa kando ya barabara, ninauza esanse ndani ya chupa, nimelala juu ya pikipiki yangu. Sikuomba kazi. Lakini niseme ukweli, ni kazi moja tu maishani yenye watu walinitafuta wao wenyewe.

Nirudi kwa tabia zake, maana ziko mingi.

Alivaa kravati kwa shingo na bote za mupira kwa miguu. Kravati ilikuwa ya heshima, bote zilikuwa za matope, na hakuona shida watu hao wawili kukutana kwa mwili moja. Aliosha gari mbele ya kwenda, haiko kisha kurudi. "Kisha kurudi, kila mutu anaoshaka," anasema. Ng'ombe zikiwa njiani, hakupiga honi hata siku moja. Alikuwa anashusha kioo, anatosha kichwa, anazisalimia polepole, anangojea. Ng'ombe zilikuwa zinamuangalia, zinajadiliana, zinatoka. Kwa sisi watu hakuwa na huruma hiyo. Mimi alinikatalia kupiga mluzi ndani ya gari yake juu ninakosaka noti za wimbo.

Kwenye baryeri, fasi yote yenye kamba inakatisha njia, alikuwa ananyoosha kravati na kuanza kifaransa. Haiko kifaransa yetu ya barabara. Kifaransa ya kitabu, yenye vitenzi virefu kama gari la moshi. Mutu wa kamba alikuwa anasikiliza mwanzo, anasikiliza katikati, mbele ya mwisho anachoka, anainua kamba. Kule Mubambiro, karibu na kampi ya askari, nilisikia mumoja anaambia mwenzake: "Ule muzee apite mbio, ataanza tena."

Misemo yake tuliijua yote. "Mulima haijibiwake," anasema, juu ya mutu yenye anakasirika na mupando. "Mutu wa akili anasikiliza moteri, kisha radio." Na ile yenye alinitupia mimi siku nilishindwa tabela ya kuzidisha ya saba: "Wewe hauko mujinga. Wewe uko mapumuziko." Bado sijue kama ilikuwa sifa ao tusi. Nimeamua ni sifa.

Sasa, kugonga.

Kwa njia ya chini ile gari ilikuwa inaimba. Lakini ikianza kupanda kwa mama mukwe, turbo ikiamuka kwa nguvu, tunasikia: ka-ka-ka-ka-ka! Kama mutu anatikisa misumari ndani ya kikopo. Direkteri anatosha muguu palepale. Kelele inakwisha, na nguvu nayo inakwisha. Anakanyaga tena: ka-ka-ka! Uso wake unakauka, kama mutoto anapiga kelele nyuma ya klasi na hajue ni nani. Kisha anasema: "Muambie mama turudi." Ninamuambia. Mama anasema: "Muambie nimesikia." Tunageuza. Tunashuka. Kule kampini watoto wanakimbia mbele yetu wanashangilia, juu wao waliona ni matembezi.

Mutu wa kwanza kushitakiwa nilikuwa mimi. Direkteri alisimama mbele ya chupa zangu, akafungua moja, akanusa, akaniangalia.

"Ndani ya hii mumetia petrole ya taa."

"Direkteri, mimi natia nini? Mimi nanunua tu, nauza tu."

"Gari ya turbo haiko taa ya jikoni. Esanse mubaya inawaka mbele ya saa yake, njo inagonga."

"Basi pikipiki yangu mbona haigonge?"

"Pikipiki yako ilikwisha kukata tamaa."

Akaenda kujaza kwenye pompe ya kweli. Akarudi, tukapakia mama, tukapanda. Ka-ka-ka-ka. Nilijaribu kuficha meno yangu, lakini nilifurahi sana. Chupa zangu zilikuwa hazina kosa! Ao, tuseme, hazikuwa na kosa ile.

Kisha tukaenda Sake kwa mekanisie, fundi wa magari, kijana mumoja mupole mwenye mikono myeusi mupaka kwa kiwiko. Alitueleza vizuri, hata mimi nilielewa. "Kugonga ni moto kuwaka haraka kupita. Pistoni iko inapanda bado, moto inamupiga ngumi kwa uso. Ngumi kidogo anavumilia. Mukilazimisha hivyo mupaka juu ya mulima, pistoni inapasuka, na gari inakuwa nyumba ya kuku." Akaonyesha turbo. "Huyu anakamata hewa, anaisukuma ndani kwa nguvu. Hewa ikisukumwa inapata moto. Juu ya ile, hapa chini ya kapo waliweka kitu ya kupoza hewa, na ile tundu ya juu inaleta upepo. Hewa ikiingia baridi, kugonga kunapungua. Ikiingia moto, inagonga." Akasafisha, akajaribu gari kwa mupando ya kwao, mupando mubaya sana. Haikugonga hata kidogo. Akatuangalia kama watu wawili wenye walileta mutu muzima ku hospitali.

Sasa nikuambie kitu yenye mekanisie hakuona.

Wakati gari ilifika kwetu mara ya kwanza, mama mukwe aliizunguka na fimbo yake, akaona ile tundu juu ya kapo. Akashituka. Kwa watu wa ng'ombe, chombo ya maziwa haikaake mudomo wazi; ni haya, ni kama kuacha mutu uchi. Hakusema kitu. Akatafuta majani, akakaa mbele ya shitingi yake, akasuka mufuniko. Mufuniko ya kweli, ya kusukwa vizuri, na ncha juu kama kofia, vile ya chombo ya maziwa, lakini pana sawasawa na ile tundu. Ilikuwa zawadi yake kwa mukwe. Ndani ya kampi, mutu yenye hana kitu akikupatia kitu, unaikamata na mikono mbili. Direkteri aliikamata na mikono mbili. Akaifunga juu ya kapo na kamba ya mupira. Tangu siku ile gari ilikuwa inatembea na kofia.

Mimi niliiona kila siku na sikufikiri kitu. Kufikiri nilikuwa nimewaachia wenye diplome.

Siku ile ya kwenda Sake, tulipoacha nyumba za mwisho za Lushebere, Direkteri alisimamisha gari. Akaangalia nyuma. Akashuka, akafungua kamba, akatosha mufuniko, akaipangusa, akaivingirisha ndani ya taulo safi, akaiweka kwa kiti ya nyuma. Na akaifunga mukaba! Mimi nilikuwa sina mukaba, mufuniko iko na mukaba. Sikuuliza kitu, juu mimi si mutu wa kuuliza. Uongo. Niliuliza palepale. Akanijibu tu: "Ipumue kidogo."

Kwa kurudi, kwa kona ile ile, akasimama tena, akairudisha juu ya kapo. Njo mimi, na maneno ya mekanisie ikiwa bado moto ndani ya masikio, nikaruka.

"Direkteri! Kumbe unajua!"

"Ninajua nini?"

"Mufuniko! Njo inafunga upepo, njo inagongesha moteri!"

"Nilijua mbele ya huyu kijana. Kitabu ya gari niliisoma yote, hata sehemu ya radio."

"Sasa juu ya nini unaivalisha fasi ya mupando, fasi inataka pumzi sana?"

Akafunga kamba polepole, kama mutu anafunga kiatu ya mutoto. "Juu kwa ule mupando mama iko ndani ya gari. Kitu yenye mama mukwe alifunika, mukono ya mukwe haifunue."

"Si nimuambie mimi?"

"Ukimuambia, ni mimi nimesema. Atafikiri ninatupa zawadi yake. Alipoteza nyumba, ng'ombe, na mutoto. Mimi nitamuambia kama mufuniko yake pia ni mubaya?"

Hapo nilikosa mucheko. Mara chache mimi ninakosaka mucheko.

Basi tukajaribu yote ingine. Tulipanda asubuhi kabisa, wakati ya baridi. Ilipanda mbali kidogo, kisha ka-ka-ka. Tulimwanga mayi juu ya kapo, ikatoa mvuke kama ugali. Tulitosha gurudumu ya akiba na kiti moja ya nyuma, gari iwe nyepesi. Mimi nilimushauri tupande kinyumenyume. Aliniangalia vile alikuwa ananiangalia kwa hesabu. Siku ingine alinishusha mimi mwenyewe, nikatembea nyuma na miguu. Gari ilipata nguvu kidogo, lakini haikuenda mbali. Nilipowafikia, waliketi wawili kimya ndani, wanaangalia mbele, wanangojea mubeba-maneno afike ili waweze kuambiana kama tunarudi.

Na mvua ya kulima ilikuwa karibu. Majirani wa mama walituma neno: mutu yenye hatakuwa kwa shamba yake wakati watu wanaanza, wengine wataikamata. Mama alifunga mizigo yake: kiti kidogo, sufuria, blanketi. Hakuifungua tena. Alilala juu ya mizigo.

Asubuhi ya ile siku, majirani wa shitingi walikuja kumuaga. Walikwisha kumuaga mara mingi sana. Mama mumoja, mwenye mutoto mugongoni, akamutania:

"Mama, kwaheri ya leo ni ya kweli ao ni ripetisioni, ya mazoezi tu?"

"Ni ya kweli. Ripetisioni ni yako, ya kubakia."

Wakacheka wote. Tukapanda. Direkteri mbele na kofia na kravati mupya, mimi kando yake, mama nyuma na mizigo. Na kofia juu ya pua ya gari.

"Muambie mama tunafika kwa mupando."

"Mama, Direkteri anasema tunafika kwa mupando."

"Niko na macho. Muambie nimeona."

"Direkteri, mama anasema ameona."

"Muambie asante."

Ikaanza: ka-ka-ka-ka. Direkteri akapunguza. Akakanyaga. Ka-ka-ka-ka-ka! Safari hii hakutosha muguu. Nilimuangalia: jasho inashuka ndani ya kravati. Nikaelewa kama ameamua. Atavunja moteri mbele ya kuvunja roho ya ule mama. Na moteri ikivunjika pale, mama hatafika kwake tena, hakuna gari ingine, hakuna nguvu ingine.

Mama akauliza: "Muulize, ni nini inagonga?"

"Muambie ni sauti ya turbo," Direkteri akasema.

Hapo nikafanya kitu yenye mubeba-maneno hafanyake: nikaongeza muzigo juu ya muzigo.

"Mama, Direkteri anasema ni sauti ya turbo. Na mimi mwenyewe nasema turbo inakosa pumzi, juu pua imefunikwa!"

Gari ikasimama. Kofia ya Direkteri, ile ya kichwa, ilianguka juu ya usukani. Kimya yenye iliingia ndani ya ile gari, hata yeye, mupenzi wa kimya, haikumufurahisha.

Mama akakohoa. "Muulize huyu mutu mukubwa: chombo ya maziwa tunaifunika wakati gani?"

"Direkteri, mama anauliza..."

"Wakati maziwa imetulia," Direkteri akasema, sauti kama ya mwanafunzi.

"Na wakati tunakamua ng'ombe, tunakamulia juu ya mufuniko?"

Mama akapiga fimbo chini.

"Mimi nilisuka mufuniko ya gari ikilala! Usiku, vumbi, kuku, watoto. Kisha ninaona anaendesha nayo. Nikasema, ao njo vile turbo inatakaka? Yeye alisoma, mimi nitamufundisha gari? Mama mukwe kufundisha mukwe, tena direkteri? Nikanyamaza. Kila siku tunarudi, mimi ninasema ndani ya roho: huyu mutu anakamua na mufuniko juu, Mungu amusaidie."

Nilitaka kucheka mupaka machozi ikatoka kwa masikio. Wote wawili walijua! Kila mumoja alikuwa anamuchungia mwenzake heshima, na pistoni iko inapigwa ngumi juu ya hiyo heshima.

"Muambie aitoshe," mama akasema.

"Direkteri, mama anasema uitoshe."

Alishuka. Aliitosha na mikono mbili, akazunguka nayo mupaka kwa dirisha ya nyuma, akampa mama bila kumuangalia. Mama akaiweka juu ya magoti. Tukangojea moteri ipoe. Kisha Direkteri akawasha, akaingiza gia, vitesi ya kwanza, akakanyaga.

Turbo ikavuta hewa: fyuuuuu. Gari ikapanda. Ikapita kona yenye tulikuwa tunageuzaka, ikapita kona yenye hatukuwa tunaijua, mawe inaruka nyuma, ng'ombe zinainua vichwa. Hakuna kugonga. Mama alianza kutaja majina ya watu wa kila nyumba, wenye wako na wenye hawako tena, kwa sauti, na hakuniambia nimuambie mutu.

Kwake ukuta ulikuwa umesimama, mabati ya upande moja haikuwako. Nyasi ilifika kwa dirisha. Mama akashuka, akakataa mukono wangu, akaweka kile kiti kidogo mbele ya mulango, akakaa. Jirani akamuletea maziwa. Direkteri alibakia nyuma ya gari anapangusa kioo yenye haikuwa na kitu, muda murefu.

Mimi nilishuka siku ile na pikipiki ya jirani, wao nikawaacha kule juu. Juzi nimemukuta Direkteri kwa barabara ya Lushebere. Na miguu! Bote, kravati, na mufuko kwa bega. Nikasimamisha pikipiki.

"Direkteri, gari iko mugonjwa?"

"Gari iko muzima kabisa. Iko kule juu. Mama anakataa ishuke."

"Juu ya nini?"

"Anasema: 'Ikishuka, siku moja utaipandisha kuja kunitosha huku. Ikikaa hapa, na mimi nakaa.' Funguo alifungia ndani ya kitenge yake."

"Alikuambia wewe? Wewe mwenyewe?"

"Wewe haukuwako. Angelimuambia nani, kuku?"

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Nilimuuliza: mama, na vita ikirudi? Watu wote wakikimbia?"

"Akasema nini?"

Direkteri alishusha mufuko polepole, akaufungua kidogo nione. Viazi vya mbegu.

"Akaniuliza kama ninajua kulima."

Akapanda nyuma yangu, akaweka mufuko katikati yetu, akaushika na mikono mbili. "Twende juu. Na usirushe-rushe pikipiki, vimeanza kuota."